Hesi ya Chuma Katika Kifua cha Mti

Miaka kadhaa iliyopita niliagizwa kitanda cha mvule na mpangaji mmoja aliyekaa orofa ya pili ya nyumba ya kale katika Mji Mkongwe, Unguja, na kwa kuwa nilikwisha kuziona ngazi za nyumba ile, jinsi zilivyokuwa nyembamba na jinsi zilivyopinda katikati kama mkono uliokunjwa, nilifahamu tangu siku ya kupima kwamba kitanda hicho hakitapanda kikiwa kizima. Kitapanda tendegu kwa tendegu na mfumbati kwa mfumbati, kiungwe huko juu, na siku mwenyewe atakapohama, maana wapangaji huhama, kifunguliwe tena bila ya nyundo wala matusi. Nikaona fahari, basi, kutumia kitu ambacho wakati huo kilikuwa kigeni mikononi mwangu, nacho ni kile kipande cha chuma chenye hesi ndani na nje ambacho seremala hukizamisha katika mbao ili boliti ipate pa kushika. Kitanda kikapanda, kikaungwa, kikasifiwa. Baada ya kuhama mara tatu kilirudi kwangu kimelegea, kikilia kila upande kama mlango usiotiwa mafuta. Na nilipokifungua nikaona kwamba kosa lilikuwa langu, wala halikuwa la chuma. Haya ninayoyaandika yametokana na kosa lile na mengine yaliyolifuata.

Kitu chenyewe ni kidogo, hata kikianguka katika maranda kitatafutwa muda mrefu. Ni mwanzi mfupi, wa chuma au wa shaba ya manjano, wenye hesi mbili: ya nje ni pana na ina makali, imekusudiwa kuuma mti, ya ndani ni ndogo na ya karibu karibu, imekusudiwa kupokea boliti. Seremala hukizamisha mara moja, kikakaa humo daima, na tangu hapo boliti huingia na kutoka katika chuma, si katika mti. Katika karakana zetu hakina jina moja: huyu husema nati ya mbao, yule husema bushi, na mwenye duka humwelewa upesi zaidi mnunuzi anayekionyesha kuliko anayekitaja. Mimi nitakiita bushi ya hesi, kwa sababu mafundi wa magari wamekwisha kutuzoeza neno bushi kwa mwanzi wa chuma unaotiwa ndani ya kitu kingine, na hapana haja ya kulisafirisha jina jipya kutoka ng'ambo ilhali lipo moja mlangoni.

Kabla ya kunyoosha mkono kwenye kasha la bushi, seremala na ajiulize swali moja tu, nalo ni hili: je, kiungo hiki kitafunguliwa? Kama jawabu ni hapana, basi ulimi na tundu vilivyochongwa kwa patasi kali na kutiwa gundi vitaishinda bushi yoyote kwa nguvu na kwa sura, tena kwa gharama ya jasho pekee. Kama jawabu ni ndiyo, mara moja tu katika umri wa chombo, parafujo ya kawaida yatosha. Lakini kama kiungo kitafunguliwa na kufungwa mara kwa mara, kama vile miguu ya meza ya karamu inayokodishwa, kitanda cha mtoto kinachowekwa darini mpaka azaliwe mwingine, mimbari inayohamishwa kutoka ukumbi hadi ukumbi, au vibao vya kuongozea kazi ambavyo fundi hujitengenezea mwenyewe, hapo parafujo haifai. Kwani kila inapotolewa na kurudishwa huchonga njia yake upya kidogo, nyuzi za mti humong'onyoka, na hatimaye huzunguka bure katika tundu lake kama mtu aliyepotea njia usiku. Wapo mafundi ambao, baada ya kuijua bushi, huitia kila mahali, hata katika kabati lisilotoka chumbani mpaka nyumba ibomoke. Huo ni mzaha wa gharama.

Aina ni nyingi dukani, lakini tabia zao ni tatu. Ya kwanza ni ya kupigilia, yenye meno ya kulala kama ya samaki ubavuni mwake, ambayo hugongwa kwa nyundo ikaingia. Hiyo yafaa katika mbao laini na katika kazi isiyovutwa kwa nguvu, mathalani kitasa cha mtoto wa meza, wala mimi siiamini zaidi ya hapo. Ya pili ni ya kuzungusha, nayo ndiyo makusudio ya makala haya. Hiyo huwa ama ya aloi ya zinki yenye tundu la pembe sita la kuingizia ufunguo, ama ya shaba ya manjano yenye mfuo mmoja kichwani kama wa parafujo, ama ya chuma chenye hesi nyembamba na kali kama kisu. Ya tatu ni nati ya makucha, ambayo si mwanzi hasa bali ni kisahani chenye shingo ya hesi na kucha tatu au nne, hupigwa upande wa nyuma wa mbao ili boliti inapokazwa iivute ndani badala ya kuivuta nje. Hii ya tatu haina uzuri, maana kisahani chake huonekana, lakini mahali ambapo mgongo wa mbao hauonwi na mtu, kama chini ya kiti au nyuma ya ubao, ina nguvu kuliko dada zake wote, kwa sababu boliti haiwezi kuing'oa pasipo kuupasua ubao mzima.

Aloi ya zinki ni rahisi kununua na ni rahisi kuvunjika. Katika msonobari wa Sao Hill hufanya kazi yake vizuri, maana mti ule ni laini na huikubali. Lakini ukiitia katika mbambakofi au msaji mkavu, ukaikaza kwa ufunguo mrefu, pembe zake hukatika na kubaki ndani nusu imeingia nusu imetoka. Kuitambua si vigumu: ikwaruze kwa tupa mahali pasipoonekana. Shaba ya manjano itakuwa ya manjano mpaka ndani. Zinki iliyopakwa rangi itaonyesha weupe wa kijivu. Na chuma utakijua kwa sumaku, kwani hizo mbili za kwanza sumaku haizivuti. Jaribio hilo huchukua muda wa kuvuta pumzi mbili, nami nalifanya hata mbele ya mwenye duka, ambaye aghalabu hacheki.

Jambo la hesi ya ndani lataka uangalifu zaidi katika nchi zetu kuliko kwingineko. Mwaka 1841 Joseph Whitworth, fundi wa mitambo wa Uingereza, aliwapendekezea wenziwe hesi ya kipimo kimoja, yenye pembe ya digrii 55 na kuhesabiwa kwa inchi. Na kwa kuwa pwani yetu ilikaa chini ya Waingereza miongo mingi, boliti za inchi zilitapakaa katika reli, bandari na karakana, hata leo hujificha ndani ya makopo ya vyuma vikuukuu zikichanganyika na boliti za milimita, ambazo pembe yake ni digrii 60. Kwa macho ni ndugu. Kwa kazi ni mahasimu. Boliti ya inchi 5/16 ina unene wa milimita 7.94 na hesi 18 katika kila inchi, kwa hivyo kila mzunguko mmoja huisogeza kama milimita 1.41, ile iitwayo M8 ina unene wa milimita 8 na husogea milimita 1.25. Ukiichukua ya kwanza ukaitia katika bushi ya pili itaingia mzunguko mmoja au miwili kwa adabu, kisha itakwama, na fundi mwenye papara huongeza nguvu, akaiharibu hesi na pengine akaing'oa bushi yenyewe. Kinyume chake, M6 katika bushi ya robo inchi itaingia ikicheza kama jino la mzee, ikishika kwa ncha za hesi tu. Shauri langu ni kwamba boliti na bushi zinunuliwe pamoja, zijaribiwe kwa vidole pale pale dukani, na boliti iingie mpaka mwisho bila ya spana.

Sasa tuje kwenye tundu, maana kazi yote ni tundu. Bushi ni mgeni tu anayekuja kukaa katika nyumba uliyomjengea.

Shika vernia upime unene wa bushi mara mbili: mara moja juu ya ncha za hesi yake ya nje, na mara moja mabondeni, yaani unene wa kiini pasipo hesi. Tuseme umepata milimita 10 nchani na milimita 8 mabondeni, kama zilivyo bushi nyingi za M6. Maana yake ni kwamba kila upande hesi inatokeza milimita 1. Katika msonobari toboa tundu la milimita 8, ili hesi yote izame na nyuzi laini ziikumbatie. Katika mvule na mninga toboa milimita 8.5, hesi itabaki ikiuma robo tatu ya milimita kila upande, na hayo yanatosha kabisa, kwa kuwa mti mgumu hauhitaji kuumwa sana ili ushike. Katika mbambakofi nimefika hata milimita 9, bushi ikakaa kama iliyozaliwa humo. Na kila nilipojaribu chini ya hapo nilisikia ule mlio mdogo, mkavu, ambao kila seremala anaujua na hapendi kuusikia, wa mbao inayopasuka kwa ndani. Vipimo hivi ni mwanzo wa safari. Mbao mbili za jina moja, hii iliyokua bondeni na ile iliyokua kilimani, hazilingani ugumu. Kwa hivyo chukua kipande kilichobaki cha mbao ile ile unayoitumia, si ya jamaa yake, utoboe matundu matatu ya vipimo tofauti, uzamishe bushi katika kila moja, kisha uamue. Kipande hicho chenye matundu matatu usikitupe. Kiandikie kwa kalamu ya risasi, ukitundike ukutani. Mimi ninavyo vya miti minane, na vimenifaa kuliko vitabu.

Mbao iwe kavu. Nasema hivi kwa kuwa mbao nyingi tuuziwazo bado zina maji ya msituni ndani yake, na bushi iliyotiwa katika mbao mbichi itaona tundu lake likibadilika umbo kadiri mti unavyosinyaa, likageuka yai badala ya duara, na ukingo wa mbao ukapasuka. Asiye na chombo cha kupimia unyevu na atumie mizani: apime ubao mmoja kila juma, na maadamu uzito wake unazidi kupungua, subira. Uzito ukisimama, mti umekwisha kupatana na hewa ya mahali pale.

Tundu lisimame wima. Hili ni jambo ambalo jicho hudanganyika nalo, kwani tundu lililoinama kidogo tu litaielekeza boliti pembeni, na mguu wa meza utakaa kama ng'ombe mwenye kilema. Mwenye drili ya mezani hana udhuru. Asiyekuwa nayo na ajitengenezee kibao cha kuongozea, kipande cha mbao ngumu chenye unene wa inchi 2, aende kwa rafiki mwenye mashine akitoboe wima mara moja, kisha akibane juu ya kazi yake kila siku na kuipitisha biti ndani yake. Kina cha tundu kizidi urefu wa bushi kwa milimita 3 au 4, ili vumbi na ncha ya boliti vipate nafasi. Zungushia biti utepe mahali unapotaka isimame, hasa unapotoboa uso wa meza kwa chini, maana nimewahi kutokea juu ya uso wa meza iliyokwisha kung'arishwa, na siku hiyo sikula chakula cha mchana. Ukimaliza kutoboa, panua mdomo wa tundu kidogo kwa biti ya kupanulia, upate ukingo ulioteremka. Usipofanya hivyo, hesi ya kwanza inapoingia huzinyanyua nyuzi za juu, pakatokea kilima kidogo kuizunguka bushi, na mbao mbili zikikutanishwa hazitakutana bali zitakanyaga kilima.

Katika kuizamisha, bisibisi ni adui. Ule mfuo ulio kichwani mwa bushi ya shaba umeiacha shaba katika masikio mawili membamba, na katika mti mgumu masikio hayo hukatika kabla bushi haijafika nusu ya safari. Ndivyo nilivyozipoteza bushi nne katika kitanda kile cha mvule, nikalaumu shaba. Njia iliyo salama ni hii. Chukua boliti ya kipimo chake, uitie nati na washa, uipitishe boliti katika bushi mpaka mwisho, kisha uiteremshe nati ibanane sana na kichwa cha bushi, washa ikiwa katikati. Sasa vitu hivyo vimekuwa kimoja, nawe unakizungusha kichwa cha boliti kwa spana, na nguvu yote inashuka kwa hesi nzima ya ndani badala ya masikio mawili. Anza taratibu, baada ya mzunguko wa kwanza uweke guni ubavuni mwa boliti, pande mbili, urekebishe mwinamo wakati bado warekebishika. Zungusha nusu, rudisha robo, zungusha tena, kama afanyavyo fundi chuma akikata hesi, ili maranda madogo yavunjike. Bushi ishuke chini ya uso wa mbao kwa nusu milimita. Kisha ukishike kichwa cha boliti kisizunguke, uilegeze nati kwa spana ya pili, na boliti itatoka peke yake ikiiacha bushi kitini pake. Ukiwa na drili ya mezani, waweza kukikata kichwa cha boliti, ukaifunga boliti mdomoni mwa mashine, ukaizungusha kwa mkono huku umeuchomoa waya wa umeme. Hapo hata guni hutalihitaji.

Katika miti iliyo migumu mno mimi hutanguliza bushi ya chuma ya aina ile ile ambayo nimeichonga mapengo matatu kwa tupa, kuanzia chini hadi juu, ikawa kama chombo cha kukatia hesi: huingia, hukata, hutolewa, na bushi ya shaba hufuata njia iliyokwisha kusafishwa. Nta ya mshumaa ipakwe juu ya hesi ya nje, itapunguza msuguano hata utastaajabu. Sabuni, ambayo wengi wetu tulifundishwa kuitumia kwa parafujo, huvuta unyevu wa hewa na kukitia chuma kutu, na hewa ya pwani haihitaji msaada huo. Lakini ikiwa umekusudia kutia gundi ya epoksi, nta usiiguse, kwani hivyo viwili havipatani. Paka epoksi kuta za tundu kwa kijiti, wala si bushi, ili isipande ikaziba hesi ya ndani, na ile boliti ya kuzamishia ndiyo uipake nta.

Narudi kwenye kitanda, kwa kuwa bado sijamweleza msomaji kosa lenyewe. Nilikuwa nimezitia bushi katika vichwa vya mifumbati, yaani pale ambapo msumeno ulizikata nyuzi, ili boliti ipite katika tendegu na kuingia moja kwa moja katika mfumbati. Na kwa macho hapana njia iliyo nyofu zaidi. Walakini mti si chuma, una nyuzi, na nyuzi zina mwelekeo. Twaa ufagio wa chelewa uliofungwa barabara, uchomeke kijiti baina ya ncha zake, ukivute: kinatoka bila ya taabu, maana chelewa zimesimama sambamba nacho na hakuna hata moja inayokizuia. Kisha kichomeke kijiti hicho ubavuni, kikatize kati ya chelewa, ukivute tena, utaona tofauti. Bushi iliyotiwa katika kichwa cha mbao huzikata nyuzi vipande vifupi vya urefu wa hesi moja, na vipande hivyo havina cha kushikamana nacho ila jirani zao; boliti ikivutwa, na kitanda huvuta kila usiku mtu anapojigeuza, hubomoka kidogo kidogo mpaka bushi inatoka na unga wake.

Dawa ziko tatu, na sizipendi sawasawa. Ya kwanza ni kutia bushi ndefu zaidi pamoja na epoksi katika kichwa cha mbao. Hiyo yafaa kwa rafu na viti vya uani, si kwa kitanda. Ya pili ni kuutoboa mfumbati kwa kuukatiza, kama inchi 2 kutoka kichwani, ukatia kigingi cha mbao ngumu chenye unene wa milimita 25 au zaidi kwa gundi, nyuzi zake zikikatizana na nyuzi za mfumbati, kisha ukatoboa kutoka kichwani mpaka ndani ya kigingi, bushi ikaenda kuuma ubavu wa kigingi badala ya kichwa cha mbao. Hiyo ni njia ya heshima. Ya tatu haina bushi hata moja: ni kuchimba kijumba kidogo katika uso wa ndani wa mfumbati, ukaitia nati na washa pana, boliti ikapita kutoka kwenye tendegu kwa tundu refu na kuikuta nati imeketi humo, ikisukuma mti badala ya kuuvuta. Vitanda vya kale vya Ulaya viliungwa hivyo kwa boliti ndefu tangu kabla ya bushi hizi kuwako dukani. Na ingawa makala haya ni ya kuisifu bushi, insafu yanilazimu kusema kwamba kwa mfumbati wa kitanda cha watu wazima nati iliyozikwa ni bora kuliko bushi.

Mahali pa bushi ni ubavuni mwa mbao: katika fremu ya meza, chini ya uso wake, katika shavu la tendegu, penye nyama ya kutosha. Nyama ya kutosha maana yake ni kwamba pembeni mwa bushi pabaki mbao angalau sawa na unene wa bushi yenyewe, na wakati wa kuizamisha ubao ubanwe kwa jiriwa pande zote mbili ili usipate nafasi ya kupasuka. Katika plaiwudi bushi hukaa vizuri ikiingia usoni, na vibaya ikiingia ukingoni, ambapo hutenganisha matabaka. Katika chipbodi epoksi si hiari.

Uso wa meza una jambo lake jingine. Ubao mpana haukai mwaka mzima kwa upana mmoja. Wakati wa masika huvuta unyevu ukapanuka, na kaskazi inapovuma kavu husinyaa, ingawa mninga hufanya hivyo kwa kiasi kidogo kuliko miti mingi, na ndiyo sababu moja ya kupendwa kwake. Kupanuka huko ni kwa upana, wala si kwa urefu wa nyuzi. Ukizitia bushi chini ya uso wa meza, ukaukaza kwenye fremu kwa boliti zilizopita katika matundu ya duara yanayozibana, umeufunga uso huo kama mfungwa, nao utajifungua mwenyewe kwa kupasuka. Matundu ya fremu yafanye marefu, kama punje ya tende, yakielekea upande wa upana wa uso. Weka washa pana. Kaza boliti mpaka zishike, usizidishe.

Na juu ya kukaza kwa jumla: boliti iingie katika bushi kwa urefu usiopungua unene wake mara moja na nusu, yaani M8 iingie milimita 12, lakini isifike chini ya tundu. Boliti ndefu kupita kiasi huikanyaga sakafu ya tundu, na fundi anapozidi kukaza huinua bushi kutoka chini kama jeki inavyoinua gari. Wengi waliodhani bushi zao ni dhaifu walizing'oa wenyewe kwa njia hii. Mbao ya nje, ile inayopitiwa na boliti, itobolewe tundu lililo huru, milimita 7 kwa M6 na milimita 9 kwa M8, ili boliti isishike humo. Na ili matundu ya mbao mbili yakutane, zibane pamoja kwanza, zitoboe zote kwa biti nyembamba kwa mkupuo mmoja, ndipo uzitenganishe na kulipanua kila tundu kwa kipimo chake.

Karibu na bahari tumia shaba ya manjano au chuma cha pua. Chuma cha kawaida hula kutu, na katika miti yenye tanini huacha doa jeusi ambalo msasa hauliondoi. Chuma cha pua nacho kina kisirani chake: boliti ya chuma cha pua katika bushi ya chuma cha pua, ikikazwa kavu na kwa haraka, huweza kuumana isitoke tena, tone la grisi huzuia hayo.

Bushi ikilegea, usiipigilie vijiti vya kiberiti pembeni. Itoe kwa ile boliti na nati yake. Kama inazunguka bila ya kupanda, ishike boliti kwa koleo uivute huku ukiizungusha. Iliyogandishwa kwa epoksi hulegea ikipashwa moto kwa chuma cha kulehemu kilichowekwa ndani yake dakika chache. Kisha tundu litobolewe kubwa zaidi, litiwe kizibo cha mbao ile ile kwa gundi, nyuzi zake zikifuata nyuzi za ubao, liachwe lilale usiku mmoja, na kazi ianze upya kama kwamba haijapata kufanywa.

Ndivyo nilivyokifanyia kitanda cha mvule. Vichwa vya mifumbati nilivikata inchi moja, nikazika nati nane mahali pa bushi nane, na bushi nikaziacha katika matendegu ya mchago tu, ambako hushika ubao wa kuegemea usiobeba uzito wa mtu. Mwenyewe alipokuja kukichukua aliniuliza atafanyaje siku boliti moja ikipotea katika kuhama. Nikashona mfuko mdogo wa merikani, nikatia humo boliti mbili za akiba, washa nne na spana ya kipimo chake, nikaufunga chini ya mfumbati kwa ndani, upande wa mchago.